Klaudia na Gauni la Buluu

Katika basi la kutoka Muleba, mwaka 1974, shangazi mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa amechoka kumsihi mpwa wake, bibi harusi mtarajiwa. "Klaudia, ukiingia kanisani na gauni la buluu, watasema una mimba."

"Waseme, shangazi. Ephrasia wa kijijini kwetu alipokuwa nayo walimnyima gauni jeupe, wakamvika la buluu na kumpitisha mlango wa nyuma. Nitavaa buluu kama yeye, nipite wa mbele."

"Ephrasia si ndugu yako."

"Kwenye shamba la ujamaa mnatuita ndugu sote."

Mwaka wa Uhuru dada yangu, naye akiwa na mimba, alipitishwa mlango wa nyuma vilevile, bwana harusi akapita wa mbele.

"Sasa mimi ninayekusindikiza," shangazi akauliza, "nitaingilia mlango upi?"

Basi likasimama Bukoba, karibu na maduka ya vitambaa walikokuwa wakienda kununua kitambaa cha gauni.