Nilivyofunguliwa Kinywa Mbele ya Watu wa Bustani ya Michezo

Wapendwa, nawasalimu kwa jina lile lililonitoa mbali. Mungu wetu ni mwema, na anayejua hivyo aseme amina. Asanteni. Kwa wageni, mimi naitwa Kagendo, mtoto wa Meru. Nakaa hapa Wheaton kwa Shangazi yangu Mukami, yule pale nyuma mwenye kitambaa cha buluu. Nasoma biashara chuoni pale College Park, na wikendi nauza mikate ya kusokota kwenye mall. Jioni hii nimekuja kusimulia jinsi Bwana alivyonifungua kinywa. Naomba mnivumilie mpaka mwisho, maana ushuhuda huu haujakaa kama mlivyozoea.

Ndugu zangu, mimi nililelewa vizuri, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Kwetu mtoto hajisifu. Ukiwa wa kwanza darasani, mama anakwambia nyamaza, watu wataona wenyewe. Mgeni akisema chai ni tamu, unamjibu kwamba ni majani tu. Mkubwa akiongea nawe, unatazama chini na unajibu kwa sauti ndogo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: methali hiyo niliimeza nzima nikapanda nayo ndege. Nikashuka hapa Marekani, nchi ambayo kizuri na kibaya vyote vinajitembeza, tena kizuri ndicho kinachotembea mbio zaidi.

Sasa sikilizeni nilichokuwa nakitafuta. Nilipokuwa mgeni hapa, tuliwapeleka watoto wa Sunday school kwenye bustani ya michezo, ile iliyo upande wa Upper Marlboro. Wengi wenu mlikuwepo. Nyinyi mlitazama juu, kule watu wanakopandishwa kwenye vigari na kuachiliwa wakipiga mayowe. Mimi nilitazama foleni. Niliona kijana mfanyakazi akipiga goti ili aongee na mtoto uso kwa uso. Niliona watu wamesimama juani muda mrefu na bado wanacheka, kwa sababu kuna mtu amefikiria mahali pa kivuli, mahali pa maji, na neno la kuwaambia. Nikamkumbuka mama yangu kwenye foleni ya zahanati kule nyumbani, amesimama tangu alfajiri, na akifika dirishani anafokewa kama mwizi. Moyo ukaniambia, hii kazi inafundishwa mahali, na wewe utaenda kuisoma. Niliporudi nyumbani sikumwambia mtu.

Kuna bustani kubwa sana ya namna hiyo California, ambayo kila mwaka huchukua wanafunzi wa vyuo wajifunze kazi ndani yake. Sisi Wakenya tunaita attachment, ndugu zetu Watanzania wanasema field. Wanafunzi wanaoomba ni wengi mno na nafasi ni chache. Nilijaza maombi kwenye kompyuta ya maktaba, na kwa neema ya Mungu wakanipigia simu ya intavyu.

Yule mama wa kwenye simu alikuwa mpole. Akaniambia, nieleze siku uliyowasaidia wateja waliokasirika. Nikamwambia kwamba pale kazini mambo mazuri hufanywa na meneja. Akauliza, na wewe je? Nikasema mimi nauza mikate tu. Akauliza, kwa nini tukuchukue wewe na si wengine? Nikamjibu kwamba wale wengine huenda ni bora kuliko mimi. Mara mbili aliniomba niongeze sauti. Wapendwa, nilikata simu nikiwa nimefurahi! Niliona nimejibu kwa adabu ambayo hata bibi yangu angeisifu.

Walinikataa.

Ndipo mambo yalipofika mezani kwa Shangazi. Ndugu zangu, mnamjua Shangazi. Ameosha wazee wa watu katika nchi hii miaka mingi, mgongo unamuuma, na anachotaka ni mimi nisiwe na maisha ya kubahatisha. Nampenda na ninamwelewa. Lakini ulimi wake nao mnaujua. Alikuwa amesikia mahali kwamba kwenye bustani hizo kuna vijana wanaovaa vichwa vya wanyama na kupiga picha na watoto.

Akaniambia, "Kagendo, mtoto wa ndugu yangu, ulivuka bahari ukuje kuvaa manyoya?"

"Si manyoya, Shangazi. Ni kuhudumia wageni."

"Wageni utahudumia hapa kwangu, wanakuja kila Sunday. Fanya nursing. Nesi halali njaa. Na sijawahi kuona mgonjwa amelazwa akaomba bembea."

Tukakubaliana hivi: nitume maombi mara moja tena. Wakikataa, Septemba nahamia nursing, na habari ya bustani isitajwe tena nyumbani. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa maana nilikula ugali wake na sikuwa nimempa sababu hata moja ya kuniamini. Ningempa sababu gani? Kinywa kilikuwa kimefungwa.

Na wapendwa, hapa ndipo adui alipoingia. Mtu akisema "mimi si kitu" kwa adabu, siku moja ataamka na kuliamini neno hilo. Mimi nililiamini. Nilianza kujiona kweli ni mtu wa mikate tu. Darasani niliacha kunyoosha mkono. Nilipita mbele ya kioo bila kujitazama. Nililia sana, na nikaomba Mungu aniondolee ile hamu ya bustani, nikidhani hamu ndiyo ugonjwa.

Bwana hakuniondolea. Alimtuma Mama Neema.

Mama Neema, kwa asiyemjua, ndiye kiongozi wa akina mama katika ushirika wetu huu wa Ijumaa, mtu wa Iringa, mwenye maneno machache na upole wa kukumaliza. Jioni moja baada ya ibada tulikuwa jikoni hapo nyuma tunaosha vikombe vya chai. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, mbona uso umekunjamana hivyo?" Nikamweleza yote, kuanzia simu mpaka Septemba. Akaniuliza, "Na pale kazini kwako, kweli hujawahi kuwafanyia watu jambo jema?"

Nikasema hapana. Halafu, nikiendelea kufuta kikombe, nikamtajia habari ya foleni ya Krismasi, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Ilikuwa hivi. Mbele ya kibanda chetu cha mikate ndipo huwekwa kiti cha yule mzee wa Krismasi mwenye ndevu nyeupe, na watoto hupanga foleni wapigwe picha naye. Jumamosi moja mzee akachelewa. Foleni ilizunguka mpaka ngazi za umeme, watoto wanalia, wazazi wamemzingira yule msichana wa picha wanamfokea, na msichana naye analia. Nikamwomba mwenzangu ashike kibanda, nikavua aproni, nikaenda katikati ya wale watoto. Nikawafundisha mchezo wetu wa makofi wa Sunday school, ule wa kupiga na kupokezana. Kila aliyekosea alihamia mwisho wa mstari wa mchezo, lakini nafasi yake ya picha mzazi wake aliishika. Wazazi nao wakaanza kupiga makofi. Mzee wa Krismasi alipofika, kuna watoto walikataa kuacha mchezo ili wakapigwe picha. Kisha nikarudi kwenye mikate yangu.

Mama Neema akaweka kikombe chini. "Kwa nini hukuwaambia hili wale watu wa California?"

"Ningekuwa najisifu, Mama."

"Kila Ijumaa unasimama pale mbele unasimulia jinsi Mungu alivyokupa viza, alivyomponya mama yako, tunalia wote. Kinywa huwa umekiazima wapi?"

"Hayo alitenda Mungu. Ya watoto nilitenda mimi."

Akasema, "Kipawa cha kutuliza watoto wa watu ulikinunua duka gani?"

Akaendelea, taratibu, kama kawaida yake: "Ukinyamaza, mwanangu, hujidhulumu wewe peke yako. Unamficha aliyekupa. Nenda ukatoe ushuhuda. Wewe kazi ya kujisifu huiwezi, lakini ushuhuda unauweza kuliko sisi wote."

Ndugu zangu, kitu kilikatika ndani yangu pale kwenye sinki. Nilikuwa nimeita uoga wangu unyenyekevu, nikaupikia na kuulaza kitanda kizuri. Kumbe unyenyekevu hausemi uongo. Anayesema hakupewa kitu wakati amepewa, huyo amesema uongo, hata akiusema kwa sauti ya chini huku anatazama sakafu. Niliomba pale pale, mikono ina povu la sabuni, na nikaondoka mwepesi.

Nikatuma maombi tena. Safari hii watu wa bustani walikuja wenyewe huku kwetu, wakafanya intavyu kwenye hoteli moja ng'ambo ya mto, Virginia. Shangazi alinipeleka kwa gari lake, akiwa bado amevaa sare ya kazi, akakaa chini mapokezi akinisubiri. Chumba cha kungojea kilijaa vijana waliovalia suti, wanaongea kana kwamba wameshachukuliwa. Zamani ningetafuta mlango. Safari hii niliwatazama nikasema moyoni, kila mmoja na ashuhudie alichotendewa.

Walionihoji walikuwa wawili, kijana wa Kizungu mwenye miwani na mama mmoja mweusi mwenye lafudhi ya kusini mwa nchi hii. Mama akauliza swali lile lile, la wateja waliokasirika. Nikakaa wima, nikamtazama machoni. Nikaanza kama tunavyoanza hapa: maisha yalivyokuwa kabla, yaani kibanda, mikate na mimi. Nikaja kwenye taabu, foleni mpaka ngazi za umeme na msichana wa picha analia. Nikaeleza nilichoona, nilichofikiri, nilichofanya. Nikasema "mimi" kila mahali palipostahili "mimi". Nikawafundisha ule mchezo wa makofi, na kijana wa miwani akakosea mara ya kwanza. Nikawaambia habari ya mama yangu na dirisha la zahanati, na kwamba nataka kujifunza jinsi ya kuwangojesha watu bila kuwavunjia heshima, halafu niipeleke elimu hiyo nyumbani. Kiingereza kilitoka chenyewe. Sauti yangu ilisikika mpaka kwenye korido.

Nilipofika mwisho, wapendwa, moto ulikuwa umewaka kiasi kwamba nikasahau niko wapi. Nikainua mkono nikasema, "Hallelujah?" Nikangoja.

Kijana wa miwani akatazama karatasi zake. Mimi nikatamani sakafu ifunguke. Yule mama akaitazama dari kidogo, akatikisa kichwa, akasema polepole kwa lafudhi yake ile, "Amen." Kisha akarudi kwenye maswali yake.

Kwenye gari nilimsimulia Shangazi kila kitu, kwa maana kinywa kikishafunguka hakichagui abiria. Tulikuwa tumekwama kwenye foleni ya magari barabara kuu. Nilipomaliza habari ya watoto na makofi, akageuka akanitazama.

"Hiyo ya mzee wa Krismasi ilikuwa lini?"

"Krismasi iliyopita, Shangazi."

"Na ulirudi nyumbani jioni hiyo?"

"Nilirudi. Ulikuwa unapika githeri."

Akaendesha mpaka tukavuka daraja. Akasema, "Mimi nilidhani unataka kwenda kucheza. Unakaa na mtu nyumba moja, unampikia, unamwombea, na hujui ni nani." Niliona anapangusa macho kwa mkono wa sare. Halafu akasema, "Hiyo maneno ya Septemba, tuwache. Wakikataa, uta-apply tena, na nitakuleta mimi mwenyewe." Bwana asifiwe! Ndugu zangu, nimepokea mengi katika nchi hii, lakini sijapokea kitu kikubwa kuliko sentensi ile.

Najua sasa mnangoja niseme nilipata nafasi. Wapendwa, sijui. Jibu halijafika. Mzee anayepanga ratiba ya ibada zetu aliniambia kwa upendo, dada, ngoja upokee ndipo ushuhudie. Nikamwambia nimeshapokea. Nilikuwa bubu, sasa naongea. Wakisema ndiyo, nitakwenda. Wakisema hapana, watakuwa wamemkataa Kagendo mwenyewe, na si yule muuza mikate niliyekuwa nawaonyesha. Namshukuru Mungu leo kwa kinywa hiki, na nina imani naye kwa kilichobaki.

Na wewe ndugu, uliyeketi hapa na neema kubwa chini ya kiti chako, unaogopa ukiitaja utaitwa mwenye majivuno, nakualika umtegemee huyu Bwana. Anza nyumbani kwako. Waambie unaokula nao. Usimwache shangazi yako akasikia habari zako kwenye foleni ya magari.

Watu wa California walisema watapiga simu leo kabla ya kufunga ofisi. Hapa Wheaton ni jioni, lakini kule jua bado liko juu, kwa hiyo nimemwachia Shangazi simu yangu na nimemkataza kuizima. Ikilia nikiwa bado nimesimama hapa, atapokea yeye. Aliniuliza, wakitaka kujua Kagendo ni mtu wa namna gani, awaambie nini? Nikamjibu aseme yote. Tangu asubuhi nilikuwa namsikia jikoni nyumbani akijizoeza, na ndugu zangu, sikuwa nikijua kwamba ananiona hivyo.