Uwamwiza Mpano na Baraza la Mama Waridi

Wazazi, wachungaji, masheikh, majirani na wanafunzi, maneno haya yalikuwa yasomwe na Ihirwe, binti yetu wa kwanza, lakini sauti yake imekataa, kwa hiyo nayasoma mimi, Éliezer Gasore, mume wa marehemu.

Uwamwiza alizaliwa Bibokoboko tarehe 14 Machi 1970, mtoto wa tatu wa shemasi Mpano na mama Mukarurangwa, akasoma shule ya msingi huko huko milimani, na Septemba 1982 akashuka Baraka kwa masomo ya sekondari, akapokelewa nyumbani kwa mzee Assumani, mwenye mitumbwi ya biashara, aliyekuwa akinunua ng'ombe kwa baba yake.

Mke wa mzee huyo, mama Waridi, aliye nasi hapa leo, alikuwa na chuo barazani kwake, mahali pa watoto kusoma Kurani, na binti wa shemasi alikuwa akisimama mlangoni kusikiliza, hadi mama alipomwambia, "We mutoto, uko na kitabu ya kwenu? Leta, ukae." Akaleta Zaburi za Kinyarwanda, akakaa mwisho wa mkeka, kila mtoto akisoma kwa sauti pale alipofika, na aliyetangulia akimsikiliza anayemfuata. Habari ilipanda mlimani kwamba amesilimu, shemasi akashuka kumchukua, akamkuta anasoma Zaburi katikati ya wenzake, akanywa chai, akarudi peke yake.

Alihitimu lisansi, yaani shahada ya chuo kikuu, ya Kiswahili huko Bukavu mwaka 1994, nami nikisoma historia huko, tukafunga ndoa Bibokoboko tarehe 5 Agosti 1995, Mungu akatujalia Ihirwe mwaka 1997, Wilfried mwaka 2000 na Furaha mwaka 2004.

Baada ya kufundisha sekondari Uvira, tangu Oktoba 2009 alifundisha katika taasisi ya elimu ya juu hapa Baraka, na somo lake la kwanza kila mwaka lilikuwa kuuliza jina la nyumba ya elimu kama hiyo limetoka wapi. Sisi husema iniversite, neno la Kifaransa lililotoka katika Kilatini, ambako lilitaja jumla ya watu, kisha umoja wa walimu na wanafunzi. Vitabu vya Kiswahili huandika chuo kikuu, na chuo, katika Kiswahili cha zamani, kilikuwa kitabu chenyewe, kabla jina halijahamia mahali kinaposomwa, kwanza kwa watoto wa Kurani, baadaye kwa wasomi wakubwa. Alikuwa akimaliza kwa kusema kwamba wengine waliiita kwa jina la watu, wengine kwa jina la kitabu, na hakuna aliyeiita kwa jina la kuta.

Aprili 2024 ziwa lilipanda likaingia madarasani, masomo yakasimama, na wanafunzi wanane wa mwaka wa mwisho wakawa karibu kupoteza mwaka kabla ya kumaliza kazi zao za utafiti. Uwamwiza, ambaye figo zake zilikuwa zimeanza kushindwa tangu Septemba, aliwapeleka barazani kwa mama Waridi, kila mmoja asome kazi yake kwa sauti naye akisikiliza. Vainqueur, mmoja wao, alimwuliza, "Mama Prof, tuko ku iniversite ao ku chuo ya batoto?" naye akamjibu, "Kamata mukeka kwanza, kiisha uulize."

Mwezi Mei sauti yake ilipopungua, aliwasikiliza akiwa amelala, kisha Rosette, mmoja wa wale wanane, aliyekuwa ametangulia, akaanza kuwasikiliza wenzake. Watano wamemaliza. Jumapili iliyopita nilitaka kujua angependa azikwe wapi, yeye akaniuliza, "Bale batatu, nani atabasikiliza?" Alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 11 Juni, nyumbani, watoto wote wakiwepo.

Tunawashukuru waganga wa hospitali na wauguzi wa Bukavu na Baraka waliosema nasi ukweli bila kutuficha, majirani waliopika na kuchota maji, wenzake wa kazi, na jamaa waliosafiri kutoka Swima, Ubwari na milimani.

Jana, hapa kwenye matanga, Rosette na mwalimu Jacques, mkuu wa idara, walikuja kuniambia kwamba Jumatatu wale watatu watasoma, Rosette atawasikiliza, na Jacques atazipokea kazi zao kabla ya mwezi kwisha.

Uwamwiza, mke wangu, bale batatu wamepata wa kuwasikiliza. Sasa upumzike.