Mwalimu Paskazia Luhende na Fizikia ya Kushikwa kwa Mikono

Leo, Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2025, Mwalimu Paskazia Luhende anastaafu baada ya kufundisha Fizikia kwa miaka thelathini na minne. Miaka ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia hapa kwetu, Shule ya Sekondari Nyakasenge, Igoma. Wanafunzi humwita Madam. Sisi wa ofisi ya walimu tulimpa jina la Mama Niazime, kwa sababu hakuna kitu alichokiona mezani kwa mtu kikamwacha na amani. Saa yangu ya mezani aliiomba mwaka 2013 "kwa kipindi kimoja tu". Nilipokwenda kuidai niliikuta imefunguliwa, vijana wa kidato cha pili wakihesabu meno ya magurudumu yake. Bado naisubiri.

Alizaliwa Misungwi, katika familia ya wakulima wa pamba, na huko ndiko alikoajiriwa mara ya kwanza mwaka 1991. Alipohamia kwetu mwaka 2003, sifa zake zilikuwa zimemtangulia. Notisi za Madam Luhende zilijulikana mji mzima. Alikuja darasani bila karatasi, akaanza kutoa imla ukurasa baada ya ukurasa, nukta na mkato mahali pake, na kengele ilipolia mada ilikuwa imekwisha. Wanafunzi wa shule za jirani walikuja kunakili. Yeye mwenyewe husema kwamba miaka ile alijiona mwalimu bora kuliko wote Mwanza, na hakuna aliyembishia.

Kisha ikaja Julai 2011.

Hadi wakati ule, shule kama yetu, isiyo na maabara, ilifanya somo la vitendo kwa kuandika tu. Mwanafunzi alichorewa jaribio, akaambiwa aeleze kingetokea nini. Mwaka ule tuliamua kwamba watoto wetu wafanye vitendo kweli, na kwa ajili ya mtihani wa moko, ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa wa Oktoba, tukaazima vifaa kutoka shule nyingine. Mimi nilikuwa msimamizi, ndiyo maana naweza kusimulia.

Meza ya kwanza alisimama Selina Machibya, aliyeongoza darasa kwa Fizikia tangu kidato cha kwanza. Nilimsikia akiisema kanuni ya umeme kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza safi, bila kukosea neno. Halafu akachukua kifaa cha kupima mkondo, akakiunganisha moja kwa moja kwenye betri, ncha kwa ncha. Mshale uliruka hadi mwisho wa kipimo, moshi mwembamba ukatoka, na kifaa cha watu kikafa pale pale. Selina alibaki ameshika waya, machozi yanamtoka. Katika watahiniwa arobaini na mmoja, waliopata alama ya kufaulu walikuwa sita.

Kwenye kikao cha walimu kila mtu alikuwa na lawama yake: watoto wa siku hizi, wazazi, vifaa vya kuazima. Mwalimu Luhende alisikiliza mpaka mwisho, akasimama.

"Mkuu, alama hizi ziandikwe kwa jina langu," alisema. "Yule binti alifanya kila nilichomfundisha. Nilimfundisha kusema."

Nimekaa kwenye vikao vingi vya walimu, na sijawahi kusikia sentensi nyingine ya namna hiyo.

Kesho yake aliacha kutoa notisi kwa imla. Alishuka kwenye karakana za barabara ya Musoma, akarudi na mfuko wa salfeti begani: balbu za bodaboda, nyaya za spika mbovu, koili za majiko ya umeme yaliyoungua, springi za viti vya pikipiki, nati za kila ukubwa. Yeremia, fundi redio, alimpa kipimo chake cha zamani cha umeme na kumwonyesha namna ya kukitumia, na Madam hakuona aibu kusema kwamba naye alikuwa akikishika kwa mara ya kwanza tangu atoke chuoni. Ndani ya wiki mbili, chumba kilichotakiwa kuwa maabara, ambacho hakikuwa na chochote ila kuta na mbuzi wa mlinzi, kilikuwa na meza kumi na mbili za mabanzi na watoto wanne kila meza. Kanuni ilikuwa moja: unajaribu kwanza, unaeleza kwa lugha yako, Kiswahili au Kisukuma, halafu ndipo unapewa jina la Kiingereza.

Mkuu wetu wa wakati ule, Mwalimu Okwach, alikuwa mtu mwema lakini kalenda ilimtisha. Oktoba ilikuwa karibu.

"Mama Luhende, kuna mada saba hatujazigusa," alimwambia.

"Mkuu, hata zile tulizozigusa hawajazishika."

Mkuu akampa muda hadi mkutano wa wazazi wa Septemba. Wazazi wakikataa, notisi zirudi.

Na wazazi walikuja na hasira. Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Machibya, baba yake Selina, ameshika daftari la binti yake juu ili wote walione. "Tangu Julai kurasa nne," alisema. "Mwanangu anarudi nyumbani mikono ina masizi kama fundi wa gereji. Mimi nilimleta hapa asome." Wengi walipiga makofi.

Mwalimu Luhende hakujitetea. Alimwita Selina mbele, akamwomba awaeleze wazazi alivyounguza kile kifaa. Fikiria binti wa miaka kumi na saba, mbele ya watu mia mbili, akisimulia kosa lake mwenyewe. Alianza kwa kunong'ona. Kisha akachora kwa chaki, akaonyesha njia ya mkato iliyopitisha umeme wote kwa pamoja, akaunganisha kipimo cha Yeremia kwa usahihi, na mshale ukatulia katikati. Sauti yake sasa ilifika nyuma ya ukumbi.

Mzee Machibya alikuwa bado amesimama. "Haya. Basi niambie, kwa nini pale nyumbani mama yako akiwasha pasi taa zinafifia?"

Hilo halikuwa kwenye notisi za mtu yeyote. Selina alifikiri kidogo. "Baba, nyumba yetu iko mbali na nguzo, na waya tuliovuta ni mwembamba. Umeme unachoka njiani. Taa peke yake inatosheka, pasi ikija inavuta mwingi, na waya unakula zaidi." Akachukua waya mrefu mwembamba na balbu mbili. Alipowasha ya kwanza iling'aa. Alipoongeza ya pili, ile ya kwanza ikafifia mbele ya macho ya wote.

Mzee alilikunja lile daftari, akalitia kwenye koti. "Mwalimu, endelea," alisema, akakaa.

Oktoba ile walifaulu ishirini na saba. Selina leo ni fundi sanifu wa umeme, na baba yake aliingia kwenye bodi ya shule, ambako kwa miaka tisa hakukubali kikao kifungwe kabla ya kuuliza, "Na vitendo je?"

Mengine mnayajua. Wasichana wa Fizikia kidato cha tatu walikuwa watano, sasa ni nusu ya darasa. Walimu wa sayansi wa Misungwi wamemfuata Jumamosi nyingi, na kila mmoja amelazimishwa kukosea jaribio angalau mara moja mbele ya wenzake kabla ya kuruhusiwa kulifundisha. Na zile kompyuta nane tulizoletewa, zikakaa mwaka mzima zimefunikwa vitambaa vya kufuma zisije zikaharibika, ni yeye aliyekwenda kuvua vitambaa. "Kifaa kisichoguswa ni pambo," alituambia, na vitambaa akaviazima kwa kuchujia maji.

Hakuwa malaika. Maandalio ya masomo aliyakabidhi kwa kuchelewa kuliko mwalimu yeyote, na siku aliyojaribu shinikizo la maji kwenye bomba la ofisini, tulisahihisha madaftari tumepandisha miguu juu ya viti. Lakini hakuna aliyemwona akimcheka mtoto aliyekosea.

Jumanne wiki hii alifundisha kipindi chake cha mwisho. Winnie wa kidato cha pili, ambaye shangazi yake huanika dagaa Igombe, aliuliza: dagaa wa kwenye wavu mweusi na wa kwenye wavu wa bluu, ni wepi hukauka mapema? Madam alifungua kinywa kujibu, akasita. Wavu una matundu, alisema, na upepo wa ziwani nao una kazi yake. "Mimi nadhani ni mweusi. Lakini kudhani si kupima. Sijui." Wakagawana kazi: nani alete nyavu, nani alete dagaa, nani apime uzito kila saa. Jaribio litachukua siku tatu za jua, na litaanza Jumatatu.

Mama Luhende, asante kwa kutuonyesha walimu wenzako kwamba mtu anaweza kuwa bora, akagundua amekosea, akaanza upya akiwa na miaka arobaini na sita. Mungu akupe afya, shamba lenye mvua ya kutosha na wajukuu wasumbufu wa maswali.

Jumatatu geti litakuwa wazi na dagaa watakuwa wamefika. Ila utasaini kitabu cha wageni.

Rebeka Oyoo, mwalimu wa Biolojia, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Nyakasenge