Udongo Ulioishia Ruiru

AMRIK: Haloo? Haloo? Nani huyu? Sema kwa nguvu, mvua inapiga mabati, sisikii kitu.

NZIOKA: Haloo... Bwana Amrik? Ni mimi. Nzioka, dereva wako.

AMRIK: Nzioka! Habari ya safari? Mmefika Nairobi salama?

NZIOKA: Salama... Hatujafika, bwana. Niko Ruiru, kwa duka la Himatlal. Ameniazima simu.

AMRIK: Ruiru? Mmetoka Thika asubuhi na bado mko Ruiru? Lori imekufa?

NZIOKA: Lori ni nzima.

AMRIK: Basi shida gani? Watu wa maabara wanafunga jioni. Kama hawajapata ule udongo leo—

NZIOKA: Kuna kizuizi hapa karibu na daraja. Majoni, wale askari wa Kizungu, na homgadi wa vijijini wanaowasaidia. Wanasimamisha kila gari.

AMRIK: Hiyo si mpya. Emajensi ni Emajensi, hali ya hatari. Wanakagua, wanakuachilia, unaenda.

NZIOKA: Walitaka kujua yale mabomba ni ya nini.

AMRIK: Si ungewaambia ni udongo?

NZIOKA: Niliwaambia. Wakacheka. Mkalimani wao akauliza, nani anatia udongo ndani ya chuma halafu anaziba na nta huku na huku?

(Simu inakwaruza.)

AMRIK: —wa msingi! Haloo? Ungesema ni udongo wa msingi! Umetolewa chini vile ulivyolala, usitikisike, usikauke, maabara wapime kama utabeba kuta za kiwanda. Ni maneno magumu hayo?

NZIOKA: Kwangu ni magumu, bwana. Na Kizungu ndio sina kabisa. Muigai ndiye alikuwa anaeleza.

AMRIK: Sawa. Muigai anajua, kuchimba na kueleza udongo ndiyo kazi yake. Sasa sikia. Lile bomba la shimo la karibu na mto Chania ndilo nataka. Yale mengine hata yakiharibika, basi. Hilo liko salama?

NZIOKA: Walifungua yote.

AMRIK: Yote?

NZIOKA: Wakatoboa nta na visu vya bunduki. Wakagonga mabomba kwa bampa ya lori mpaka udongo ukatoka. Uko hapa barabarani, unanyeshewa. Watu wanaukanyaga.

AMRIK: Wewe ulikuwepo, Nzioka. Uliona ile kazi.

NZIOKA: Niliona.

AMRIK: Muigai aliingia shimoni mwenyewe, maji yanamfika magotini. Akasukuma bomba na jeki, kidogo kidogo. Mimi nikasema piga nyundo tumalize, akakataa. Akaniambia, bwana, ukipiga nyundo utauamsha.

NZIOKA: Ndiyo. Alisema hivyo.

AMRIK: Na wenye kiwanda wamekataa kungoja. Bila jibu la maabara, kesho wanamwaga simiti. Pale chini pamelegea, nimepaona na macho yangu, lakini macho yangu hawayataki, wanataka karatasi. (anakohoa) Haya. Rudini. Rudini sasa hivi, tuchimbe upya, hata na mvua hii. Mpe Muigai simu.

NZIOKA: ...

AMRIK: Haloo? Opereta, umetukata?

NZIOKA: Niko, bwana.

AMRIK: Mpe Muigai simu.

NZIOKA: Hawezi kuja kwa simu.

AMRIK: Wamemshika? Sema basi! Kama wamemshika nitaongea na afisa wao—

NZIOKA: Nilimwambia akae ndani ya lori. Lile bomba la Chania alikuwa amelipakata tangu Thika, lisirushwe na mashimo ya barabara. Tulipoambiwa tushuke, alishuka nalo. Joni akalinyakua, akaligeuza kichwa chini. Muigai akanyoosha mikono. Hivi tu, bwana, kama mtu anadaka mtoto. Akasema, polepole, polepole—

AMRIK: Wakampiga?

NZIOKA: Kulikuwa na mwingine nyuma. Kijana tu, bunduki ameielekeza kwetu. Alikuwa anatetemeka hata kabla hatujashuka.

AMRIK: Nzioka. Nimeuliza, walimpiga?

NZIOKA: Walimpiga.

AMRIK: Na nini?

NZIOKA: Si na mkono, bwana.

(Simu inakwaruza.)

AMRIK: Yuko hospitali gani?

NZIOKA: Wamemfunika na turubai yetu. Ile ya kufunikia mabomba.

AMRIK: Waheguru... Mungu wangu.

NZIOKA: Siwezi kusema mengi. Kuna mtu mlangoni hapa.

AMRIK: Nakuja. Nachukua gari sasa hivi. Nitawaambia mabomba ni yangu, nilinunua mimi, nilimtuma mimi—

NZIOKA: Usije. Barabara wamefunga. Na wameshaandika kwamba ilikuwa mitutu ya bunduki za kujitengenezea, na kwamba alitaka kufyatua. Himatlal alitoka nje akasema yeye aliona. Wakamwuliza kama amechoka na duka lake.

AMRIK: Lakini udongo si ulitoka? Si waliuona wakiwa hapo hapo?

NZIOKA: Waliuona. Mmoja alijipangusa viatu.

AMRIK: (kwa sauti ya chini) Wangeci yuko hapa.

NZIOKA: Mke wa Muigai? Hapo ofisini?

AMRIK: Nje, chini ya ukingo wa bati. Amemletea chakula, githeri, alijua mtarudi mapema. Ananiangalia kupitia dirisha tangu simu ilie. Anajua ni wewe, nimetaja jina lako kwa nguvu.

NZIOKA: Ai. Geuka, asione uso.

AMRIK: Nimegeuka. Nitamwambia nini, Nzioka?

NZIOKA: Mwambie amecheleweshwa Ruiru.

AMRIK: Mpaka lini? Na mwili, watampa azike? Hilo angalau. Umeuliza?

NZIOKA: Nimeuliza. Wanasema wa namna hii hawarudishwi kwao.

AMRIK: Wa namna gani? Alikuwa mtu wa udongo! Mwaka mzima niko naye, sijawahi kumsikia akipandisha sauti hata kwa punda wa maji!

NZIOKA: Bwana, usinipigie kelele mimi.

AMRIK: Pole. Pole, ndugu yangu.

NZIOKA: Na kesho? Simiti?

AMRIK: Watamwaga.

NZIOKA: Si ukatae.

AMRIK: Nilikataa jana. Wakasema nikitaka kwenda niende, fundi mwingine yuko Nairobi anangoja. Huyo hatajua hata pale palipolegea ni wapi. Nikibaki, labda nitapanua msingi kidogo upande wa mto, kisirisiri. Labda. Halafu wataingiza watu mle ndani wafanye kazi, na mimi nitakuwa naangalia kuta kila mvua ikinyesha.

NZIOKA: Haitasimama?

AMRIK: Sijui. Ndiyo maana nilimtuma. Nini, opereta? Tuongezee kidogo, tafadhali, kuna... Anasema laini inatakiwa na mtu mwingine. Nzioka, rudi. Acha mabomba, acha kila kitu, leta lori urudi.

NZIOKA: Lori inabaki. Na mimi nimeitwa. Yule mlangoni ananiashiria.

AMRIK: Wewe ni Mkamba, si Mkikuyu kama Muigai, wewe watakuachilia.

NZIOKA: Himatlal pia anasema hivyo.

AMRIK: Nzioka—

NZIOKA: Nakuja, afande, namaliza! Bwana Amrik, Wangeci ukimwambia, mwambie hakuumia muda mrefu.

AMRIK: Ni kweli?

NZIOKA: Mwambie tu. Kwaheri, bwana. Nimesema nakuja! Kwaheri—

AMRIK: Nzioka? Haloo? Opereta, nirudishie Ruiru. Haloo?

(Simu inakwaruza, kisha inanyamaza.)

AMRIK: ...Ingia, Wangeci. Hapana, Muigai hakuwa kwenye simu. Ingia kwanza.