Fundi Taratibu na Balbu ya Amplifaya Kongwe

Tarehe 30 Juni Fundi Taratibu anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne katika Maktaba ya Sauti. Yote ameimalizia katika chumba kimoja, akiuguza mgonjwa mmoja: amplifaya kongwe, mashine ya kukuza sauti, ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyoiva vyekundu kabla ya kutoa sauti.

Jina hilo la Taratibu tulimpa sisi tuliochoka kumsubiri. Hakuwahi kuiwasha mashine kwa pupa. Kwanza aliupitisha umeme kwenye balbu ya kizamani iliyofungwa ukutani. Ikififia, mashine ni nzima, anaruhusu umeme wote. Ikiendelea kuwaka kwa ukali, kuna hitilafu, anazima. Kapasita, vile vikopo vya kuhifadhi umeme ndani ya mashine, alizibadilisha kabla hazijavimba, na aliyethubutu kuweka kikombe cha chai juu ya mashine alikiona cha mtema kuni.

Mwaka juzi mkurugenzi alisema yatosha. Bodi ingekuja Jumatatu kuisikiliza; ikikaa kimya, inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Fundi alikosa hamu ya kula, hata mkewe akapiga simu kuuliza tumemfanya nini mume wake.

Jumatatu bodi ikaketi, swichi ikabonyezwa. Kimya. Mkurugenzi akaanza kutabasamu. Fundi akaitazama balbu: mtu alikuwa ameitoa na kuweka ya kisasa, ya kubana umeme, isiyopitisha umeme wa kutosha kuiamsha mashine. Mtu huyo ni mwandishi wa wasifu huu, mtunza stoo, aliyebadilisha balbu za jengo zima akitafuta kusifiwa.

Ya kizamani ilibaki moja tu, kwenye taa ya meza ya mkurugenzi. Fundi alitoka mbio, tukashangaa kumbe anaweza, akaifungua bila kuomba ruhusa, akarudi kuifunga ukutani. Ikawaka kwa ukali, roho zikatupaa, kisha ikafifia. Punde chumba kikajaa utabiri wa hali ya hewa kutoka kanda ya miaka arobaini iliyopita, na mjumbe mmoja akachungulia dirishani kuona kama mvua imeanza. Mashine ikanusurika.

Mkurugenzi, taa yake ikiwa kipofu, alitaka kujua nani aligusa balbu ya ukutani. Mtunza stoo akainama, akajitia kufunga kamba za viatu.

“Mimi,” akasema Fundi. “Kukagua ni kazi yangu.”

Akapewa onyo la maandishi, la pekee katika utumishi wake, na hakulitaja tena kwa yeyote.

Juzi mtunza stoo alikwenda kwa mkurugenzi, akaeleza yote, akaomba onyo lile lihamishiwe kwenye faili lake yeye. Limehamishwa.

Ahsante, Fundi. Tunakuombea afya na siku nyingi za raha. Unaondoka na faili safi.