Kaa la Moto Kutoka Strathvannoch: Maisha ya Ishbel Bannerman, 1941–2019

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemsindikiza leo ni Ishbel Bannerman, mke wa Torquil Munro, mama yake Rhona, na dada yangu mimi Dolina ninayewasomea. Alizaliwa tarehe 11 Novemba 1941 hapa hapa Portgarvie, pwani ya kaskazini ya Sutherland, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Murdo Bannerman, mvuvi, na marehemu mama yetu Wilhelmina. Siku hiyo upepo uliezua banda la ng'ombe. Baba alizoea kusema mtoto huyu alizimaliza kelele zake zote siku ya kuzaliwa, ndiyo maana akawa mkimya vile.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji, kisha sekondari mjini Thurso, alikohitimu mwaka 1959. Siku moja, akiwa bado shule ya msingi, mwalimu alieleza jinsi wazee wetu walivyofukuzwa kwenye bonde la Strathvannoch ili mwenye ardhi afuge kondoo. Ishbel akanyoosha mkono. "Mwalimu, asubuhi ya siku hiyo walikula nini?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakujua. Basi mtoto akarudi nyumbani akamganda nyanya yetu mpaka akaambiwa: ulikuwapo uji wa shayiri, lakini kwa wengi haukupita kooni. Nyanya naye aliambiwa na nyanya yake. Ishbel alikuwa na miaka minane, na tangu hapo hakuacha kuuliza.

Kuanzia mwaka 1960 hadi 1996 aliendesha gari la maktaba katika vijiji vyetu, na humo humo garini, akisubiri wasomaji, alianza kuandika. Ametuachia riwaya kumi na tano, zote za mapenzi, zote za enzi za zamani za nchi hii. Sharti lake lilikuwa moja: haandiki safari ambayo hajaitembea mwenyewe, majira yale yale, njia ile ile. Binti wa riwaya akivuka mto mwezi wa Januari, Ishbel naye anavua viatu Januari. Mama alikuwa akimngoja ng'ambo na taulo na matusi. "Wewe mtoto una akili timamu kweli? Hao watu walishakufa!"

"Ndiyo maana, mama," alijibu, meno yakigongana. "Hawawezi kwenda wenyewe."

Sijui niseme nini juu ya kipawa kile. Nimelala naye kitanda kimoja utotoni, nimegombana naye kwa ajili ya soksi, na bado nikifungua vitabu vyake nywele zinanisimama. Jirani yetu Hector Gow, ambaye hasifu hata jua likitoka, alimrudishia kitabu chake cha tatu akasema, "Jina la bibi mzaa babu nililijua. Leo nimemsikia akikohoa."

Tarehe 17 Juni 1967 alifunga ndoa na Torquil, fundi wa kuta za mawe. Uchumba wao ulianza kwa ubishi: Torquil alimfuata hadi kwenye gari la maktaba kumwambia kwamba ukuta uliorukwa na farasi katika hadithi yake haurukiki. Wakaenda kuupima. Haukurukika. Ishbel aliiandika upya sura nzima, akaolewa na mkosoaji. Mwaka 1970 Mungu akawajalia Rhona. Tangu hapo kila kitabu kilipokamilika, Torquil alimsomea mkewe kwa sauti mezani, naye alisikiliza akiwa amefumba macho.

Mwaka 2017 madaktari wa Inverness walimwambia kwamba mapafu yake yanakakamaa na hayatalainika tena. Alikuwa hajamaliza riwaya yake ya mwisho. Ni habari za Marsali, mwanamke aliyefukuzwa Strathvannoch. Katika nyumba zetu za zamani moto wa jikoni haukuzimwa. Usiku ulifunikwa majivu, asubuhi ukafunuliwa, mama akamrithisha binti. Marsali anabeba kaa la moto wake katika chungu cha chuma, maili tisa hadi pwani, mvua ya Mei ikimnyeshea. Je, kaa lilifika likiwa hai? Ishbel alikuwa amejaribu mara mbili, na mara zote mbili lilimzimikia.

Mchapishaji wa Edinburgh alimpigia simu. "Mama, hii ni riwaya tu. Andika lilifika."

"Nikiwasingizia wafu," dada akamjibu, "si nitawakuta huko huko niendako?"

Lakini alipokata simu alilia. Pumzi ya kutembea tena hakuwa nayo. Alinishika mkono akaniambia, "Dolina, nikifa sijajua, Marsali atabaki njiani milele." Sijapata kumwona dada yangu akiogopa kitu kama alivyoliogopa jambo hilo.

Mei 2018, mimi na shemeji Torquil tukabeba chungu. Tulikoka moto kwenye magofu ya bondeni, kwa udongo mkavu wa kinamasi cha bondeni, ambao huku kwetu ndio kuni, tukachukua kaa na kulizika katika majivu. Mvua ilitutwanga. Tulipovuka mto nikafunua kifuniko.

"Shemeji, limezimika."

"Dolina, nakuomba, leo tu, funga mdomo."

Akaingia kwa Hector, nyumba ya kwanza kijijini, akatoka na kaa jekundu kutoka kwenye moto wa Hector. Alilitia chunguni, akaanza kukimbia, mzee wa miaka sabini na tisa! Nami nikanyamaza.

Kosa lake mtoto yeyote wa Portgarvie angeliona. Udongo tunaouchoma bondeni ni wa kahawia, una mizizi mizizi, moshi wake mtamu. Wa pwani ni mweusi, mzito, moshi wake unakereketa. Kwa haraka ya mapenzi, shemeji alilisahau jambo tunalolijua tangu tumboni mwa mama.

Nyumbani, Ishbel aliinamia chungu, akavuta pumzi ile ndogo aliyobaki nayo, akakohoa. Akamtazama mumewe aliyelowa chepechepe. "Limefika," akasema. "Torquil wangu, limefika." Shemeji akalia kama mtoto. Dada akaomba kalamu.

Aliandika kwa miezi tisa, mistari michache kwa siku. Februari mwaka huu, saa ya chai, Torquil akaketi kumsomea sura ya mwisho. Akasoma jinsi kaa la Marsali lilivyozimika njiani. Akasoma jinsi mume wa Marsali alivyojiiba, akaomba moto kwa wavuvi, akautia chunguni. Kisha akasoma kwamba Marsali alivuta moshi, akainusa pwani ndani yake, akajua. Hakusema neno. Aliufunika moto ule kila usiku kwa miaka arobaini, akawarithisha mabinti zake kuwa ndio moto wa Strathvannoch.

Torquil aliziweka karatasi mezani. "Kumbe ulijua."

"Soma, mzee," dada akamwambia. "Chai inapoa."

Akasoma mpaka mwisho.

Ishbel alifariki dunia nyumbani kwake, Jumapili tarehe 3 Machi 2019 asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Torquil. Mimi nilikuwapo, na hadi sasa nastaajabu: mtu aliyekataa kuwadanganya wafu alikubali kudanganywa na mumewe, na katika kukubali huko akaupata ukweli alioutafuta maili zote zile.

Ameacha mume, Torquil. Binti, Rhona, na mumewe. Mjukuu mmoja, Iain. Mdogo wake, mimi. Wasomaji ambao baadhi yao wamesafiri tangu jana kuwa nasi. Na Marsali, ambaye hayuko njiani tena.

Nawe dada, umefika. Pumzika kwa amani.