Mfereji wa Paa na Kisima cha Bi Sarlé

Mgeni rasmi, Bwana Naibu Meya Oberlé, Rabi wetu, wazee wa sinagogi, na majirani mliokubali kuketi nasi:

Sisi akina mama wa Kiyahudi wa mji huu tunakukaribisha kwa mikono miwili. Keki ya kugelhopf ya Bi Perel iko mezani, na hutaondoka bila kuionja. Lakini hatukufichi, roho ziko juu. Kesho saa sita mchana amri ya manispaa inatimia, na gari la zege limeshaagizwa kuja kufukia kisima chetu.

HISTORIA

Bafu letu la ibada, linalopata maji yake kwenye kisima hicho, liko chini ya nyumba hii. Mke huingia humo kila mwezi kabla ya kumrudia mumewe, na bibi harusi kabla ya harusi. Lilijengwa upya na bibi zetu waliorudi baada ya vita. Walikuwa na magombo mawili ya Torati, wakauza moja wapate matofali. Sheria yetu inaruhusu, maana gombo unaweza kuazima kwa jirani ukasali.

MAFANIKIO

Bi Sarlé Wormser amelitunza bafu hili miaka arobaini na mmoja. Ni mjane wa miaka sabini na sita, mwenyewe halihitaji tena. Anajua nani kaingia lini, na hajamwambia mtu, hata dada yake. "Nikifa mtazika siri nyingi kuliko mifupa," husema. Watoto mnaowasikia wakipiga kelele uani ndio mafanikio yetu. Mengine hayasemeki hadharani.

CHANGAMOTO

Mwezi Juni mafundi wa barabara walikata mfereji unaoshusha mvua kutoka paani hadi kisimani, wakafyonza na maji yaliyokuwamo. Ulipopata habari ukatuma gari la zimamoto litujazie. Ulifanya uungwana. Bi Sarlé akaukalia mfuniko wa kisima, habanduki.

"Mama, maji ni maji," kijana wa zimamoto akamwambia.

"Na pete ya mkeo, mwanangu, ni chuma tu?"

Kijana alicheka. Mkubwa wake hakucheka. Aliandika kwamba bafu halina maji, na wenyewe hawayataki. Ukatuletea barua tatu kuuliza sababu. Mara zote tukajibu: haiwezekani. Basi. Ndipo manispaa ikatoa amri ya kufukia.

Mgeni rasmi, hapo tulikosea sisi. Mambo ya bafu hatuyasemi mbele ya wanaume. Sisi tuliona haya, wewe ukaona kiburi. Leo tunayasema, nyuso zikituwaka. Maji ya kwanza ya kisima lazima yashuke yenyewe kutoka mbinguni. Yakiingizwa kwa mpira au ndoo, bafu zima linabatilika, hata likifurika. Bafu jingine liko kilomita arobaini, na usiku wa Sabato hatupandi gari. Familia mbili za vijana zimeshafungasha mizigo. Zikiondoka, tutabaki wazee wa kuzikana, na tunaogopa.

MAOMBI

Hatuombi maji, wala fedha. Tunaomba amri isimamishwe na mfereji urudishwe leo hii. Ni bomba la mita nne, limelala uani. Fundi yuko na ngazi tangu asubuhi, anangoja kibali chako. Na mawingu umeyaona mwenyewe uliposhuka garini. Tangu Juni hatujapata kama hayo.

Tukimaliza kusoma, tafadhali utoke nasi uani. Bi Sarlé hakuja ukumbini. Hatakuinukia, na usidhani ni dharau. Tangu alfajiri amekaa juu ya mfuniko, mwavuli uko magotini, haujafunguliwa, na ameapa hainuki mpaka aone mtu juu ya ngazi.

Mwenye kuteremsha mvua akujalie miaka mia na ishirini, na amani nyumbani mwako.

Ni sisi, Akina Mama wa Kisima.

Imesomwa na Mirel Bloch, anayeolewa Jumanne ijayo, na ambaye angependa kuzaa watoto wake hapa hapa.